Pumzi ya Rubrio

Vumbi la mawe ya mji wetu wa Tibur halilali. Asubuhi linapanda kutoka machimboni, linavuka mto, linaingia kwa tundu la paa pamoja na nuru, na ndani ya ile nuru linacheza, jeupe, jepesi, halina haraka ya kwenda popote. Wewe ulikuwa umelala chini yake, Rubrio, mume wangu, kwenye kitanda tulichokihamishia sebuleni ili kifua chako kipate hewa. Vumbi lilitua kwenye kope zako. Nililifuta kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, kope moja, kisha ya pili, na kila asubuhi kabla sijamaliza nilisikia viatu vya Tremelio kizingitini.

Nina wivu, Rubrio. Nakiri. Wengine wana baridi yabisi, wengine wana mama mkwe. Mimi nina wivu, na umekaa nami miaka ishirini na sita bila kuhama. Nimeulisha, nimeuvisha, nimelala nao kitanda kimoja, wewe upande huu na wenyewe upande ule. Sasa wewe umekufa nami nazungumza nawe bila kukatizwa, kwa mara ya kwanza tangu unioe.

Nisimseme Tremelio vibaya. Ni mtu safi. Mlisomea usemaji kwa mwalimu mmoja, mkachapwa kwa fimbo moja, mkaota ndevu mwaka mmoja. Wewe ukawa wakili, sauti iliyojaza uwanja wa mji mpaka njiwa wakaruka. Yeye akawa hakimu mara mbili, na mwaka huu wakampa ukuhani wa mungu Jupita, na ile kofia nyeupe ya ngozi yenye kijiti juu ambayo mwenyewe hapaswi kutoka nje bila kuivaa. Hakuja kwetu mikono mitupu hata siku moja. Tini, jibini, asali ya milimani, alikabidhi vyote kwa Melitine, mtumishi wetu, mlangoni.

"Umeamkaje, shemeji?" alikuwa akiniuliza, na kabla sijafungua mdomo kujibu alikuwa ameshafika kwako.

Kisha mlianza. Lo, mlivyoanza. Mlitupiana maneno kama watoto wanaorushiana chungwa, taratibu, lisianguke, na jua lilipanda ukutani tofali kwa tofali nanyi hamlioni. Mtu mwema ni nani. Rafiki ni nani. Usemaji ni nini. Kifo kinachukua nini na kinaacha nini.

"Mtu mwema," ulisema, "ni yule ambaye akiwa peke yake hana haja ya kugeuka nyuma."

"Na rafiki?"

"Ambaye mbele yake unaona haya kudanganya, hata pale uongo ungempendeza."

"Na msemaji?"

"Anayejua mlango wa kutokea. Kuingia kwenye hotuba kila mtu anaweza."

Mlicheka. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na bakuli la uji wa shayiri, nikingoja mmalize kifo ili uji usipoe. Mlipomaliza nilikuja nikaketi pale alipokuwa ameketi, na kiti kilikuwa bado kina joto lake.

"Fungua mdomo."

"Ni moto?"

"Wa kiasi."

"Una chumvi?"

"Unayo."

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu, Rubrio. Uji na chumvi. Kuni zimebaki ngapi, paa linavuja wapi, dengu zina mawe, nani atakwenda kisimani. Miaka ishirini na sita ulinipa mabaki ya ulimi wako. Watu wa Tibur waliacha maduka yao kwenda kukusikiliza, nami niliyelala karibu na mdomo ule ule nilisikia ukikoroma.

Nina wivu, na wivu wangu una mahali ulipozaliwa. Binti yetu Rubria alikufa kwa homa akiwa na miaka minne. Siku tisa hukunena neno nyumbani. Ulikula, ulinawa, ulikaa, uso mkavu kama ubao. Nikajiambia: mume wangu ni mwanamume wa mawe, sawa, nami nitakuwa mwanamke wa mawe, nikayameza machozi yangu yote pale kooni yalipokuwa. Siku ya kumi mke wa mwoka mikate aliniambia, kwa nia njema, pole sana, Numisia, tulimsikia mumeo akilia kwa Tremelio mpaka mtaa ukanyamaza. Nilimshukuru, nikachukua mkate, nikarudi nyumbani. Machozi ya mwanangu yalikuwa yamemwagwa kwenye ua wa mtu mwingine, na mimi nilikuwa na kikapu cha mkate mkononi.

Sikukuambia kamwe kwamba najua.

Ulikuwa na maneno juu ya wivu pia. Ulikuwa na maneno juu ya kila kitu. Siku moja ukiwa bado na kifua kizima ulimwambia Tremelio, mkinywa mvinyo wenye maji: "Ni kosa la kijinga kuliko yote. Mlevi angalau amekunywa. Mwizi angalau amepata. Mwenye wivu ameambulia nini?" Naye akapiga goti lake kwa kofi, akasema hiyo ameipenda. Mimi nilikuwa nafagia. Niliambulia kuwasikia.

Mganga Mgiriki alikuja, akakusikiliza kifua, akasema zabibu zitavunwa bila wewe. Alisema mbele yako kwa sababu ulimwamuru. Ukamshukuru kwa ufasaha, nami nikaenda jikoni nikamwambia Melitine akatue magunia ya shayiri, kisha nikamwambia ayarudishe yalipokuwa, kisha ayatue tena. Alifanya hivyo mara tatu bila kuuliza. Melitine yuko kwetu miaka kumi na minane. Kumi na mbili akiwa mtumwa, sita akiwa huru, tangu ulipompa uhuru na jina lako, na kwa mikono yake mambo hayakubadilika sana. Alikanda, alichota, alifua. Ila siku hizi nikimtuma jambo la kipumbavu hunitazama kwanza.

Kikabaki kitu kimoja tu cha kugombania.

Unajua wewe, najua mimi, anajua kila mtoto wa Tibur: mtu anapokata roho, wa karibu kuliko wote huinama akaipokea ile pumzi ya mwisho kwa mdomo wake mwenyewe. Kisha humfumba macho. Kisha humwita jina, aitike kama anaweza. Mama akiwepo ni mama, mtoto akiwepo ni mtoto. Wewe mama yako ni majivu na mtoto wetu ni majivu. Nilikuwa nimebaki mimi. Nilikuwa sina shaka. Nilijiambia: maneno yote amekula Tremelio, lakini mwishoni maneno yatakwisha, na palipo na mwisho wa maneno hapo ndipo pangu.

Nilikungoja hapo, Rubrio. Niliivumilia tini na jibini na asali kwa ajili ya hapo.

Basi siku ile, mchana, nyuma ya pazia, mikono yangu ndani ya beseni la maji yako ya kunawa, nikakusikia. Sauti yako ilikuwa imebaki nyembamba lakini kila silabi ilikuwa mahali pake.

"Tremelio. Nataka pumzi yangu uichukue wewe."

Nikasikia akisogeza kiti chake karibu nawe.

"Maneno yangu yote ulishayachukua," ulisema. "Chukua na hii."

"Mimi ni kuhani wa Jupita mwaka huu. Kuhani haoni maiti."

"Najua."

"Nikiwa hapa ukafa, nimenajisika. Watanivua kofia."

"Najua. Usikubali kwa haraka."

"Nimeshakubali," alisema Tremelio. "Kofia ni ngozi ya kondoo tu."

Jamani. Mtu anatoa kofia yake kwa ajili ya rafiki. Watu wangeweza kuandika jambo hilo juu ya jiwe, na wanafunzi wangelisoma kwa sauti wakitoka darasani. Nilijua ni jambo zuri. Niliuona uzuri wake wote, nikiwa nimechutama pale, na nilimchukia kwa uzuri huo mpaka vidole vyangu vikafa ganzi ndani ya maji. Hakuna hata mmoja wenu aliyesema, na Numisia je?

Asubuhi iliyofuata uliamka huna nguvu ya kuinua kichwa. Nilijua ni siku hiyo au inayofuata. Ukasinzia. Nikachukua kisu cha kukatia kabichi, nikajitanda, nikaenda nyuma ya hekalu penye miberoshi, nikakata tawi.

Melitine alikuwa mlangoni niliporudi, mikono ina unga mpaka viwikoni.

"Bibi, hilo la nini?"

"La mlangoni."

"Nani kafa?"

"Bado," nikasema.

Alinitazama. Kisha akaniletea ngazi.

Tawi la mberoshi mlangoni lina maana moja tu, na huwekwa kwa ajili ya watu kama Tremelio: kuhani aone toka mbali kwamba humu mna maiti, ageuze njia. Nilijua akiliona hataingia. Si kwa woga wa kofia, hapana, kofia alishaitoa. Hataingia kwa sababu atajua amechelewa, na alichokuja kukichukua kimeshachukuliwa. Ningekuwa na wewe siku moja nzima bila viatu vyake kizingitini. Siku moja, Rubrio, na pumzi moja. Sikuomba zaidi ya hapo.

Nilifunga mlango, nikaja nikaketi, nikakufuta uso.

Lakini mji una macho. Mke wa mwoka mikate alipita, akaona, akaweka kikapu chini, akaanza kulia. Akalia wa pili. Kabla jua halijafika kisimani mtaa ulikuwa umejaa, na wapiga filimbi wa mazishi, ambao hunusa msiba kutoka vijiji saba, walikuwa wameshafika na kuanza kupuliza ili mtu mwingine asiwahi kazi.

Ukafumbua macho.

"Nani kafa, Numisia?"

"Jirani."

"Jirani yupi?"

"Huyu wa upande huu."

Ukasikiliza. Huko nje sauti ya kike ilikuwa ikipanda na kushuka, Rubrio ee, Rubrio, ulimi wetu, ukuta wetu.

"Jirani huyo," ukauliza, "na yeye anaitwa Rubrio?"

Sikuweza kusema uongo wa pili. Nilikuambia. Nilikuambia kila kitu kwa mkupuo mmoja, pazia, beseni, kisu cha kabichi, ngazi, nikiwa nimeangalia magoti yangu. Nilipoinua macho ulikuwa unacheka. Ulicheka bila sauti, mabega yakitikisika, mpaka ikawa kikohozi, na kikohozi kikawa damu, nikaifuta.

"Angalau tawi ni kubwa?"

"Kubwa."

"Ahsante."

Hukuwa na hasira. Ningependa ungekuwa na hasira. Ungenigombeza kwa ufasaha, kama ulivyowagombeza wezi mahakamani, nami ningepata hotuba moja yangu peke yangu.

Ndipo filimbi zikanyamaza, na nikaijua sababu kabla hajafungua mdomo. Tremelio alikuwa amefika. Nilichungulia kwa ufa wa mlango. Alikuwa amesimama ng'ambo ya njia, pale penye kinu cha mwoka mikate, mbali kwa kadiri inayompasa kuhani, na mkono wake mmoja ulikuwa juu ya shingo ya punda wa kinu. Alitazama tawi. Alilitazama muda mrefu sana. Watu walimgeukia, kwa sababu ndivyo mji wetu ulivyo, mtu akiumia hapa hutakiwa aseme vizuri.

Naye akasema.

"Watu wa Tibur. Mimi na Rubrio tulifundishwa siku moja jinsi ya kumsifu marehemu. Uanze na ukoo, uende kwenye vyeo, umalizie na wema. Ukoo wake mnaujua. Vyeo vyake mliviona. Kuhusu wema..."

"Utangulizi mrefu," ulinong'ona.

"Nyamaza, unasikilizwa."

"Ninazikwa, sisikilizwi. Niinue kidogo."

Nikakuinua. Kichwa chako kilikaa begani kwangu. Hapo ndipo nilipotaka uwe, na ulikuwa hapo kwa ajili ya kumsikia yeye.

"Kuhusu wema," Tremelio alisema, na sauti ikamgeuka, ikawa sauti ya mtu tu, "nitawaambia la aibu badala yake. Miaka ishirini na sita nimemwonea wivu mwanamke aliye ndani ya nyumba hii."

Mtaa ulitulia hata punda akasikika akitafuna.

"Mimi alinipa maneno. Lakini maneno aliwapa watu wote. Yeyote mwenye kesi aliyapata. Sijui alikuwa analala ubavu gani. Sijui alikula nini akiwa na hasira. Kila jioni nilitoka mlango ule na maneno yangu, nikaenda kwenye nyumba isiyo na mtu, na yeye akabaki na mtu mwenyewe. Nikatamani, jamani, kabla haijawa basi, na mimi nipate kitu chake ambacho si neno. Nilimwomba moyoni aniombe, naye akaniomba, nikafurahi kama mwizi. Na leo mmeliona tawi. Kimekwenda kwa mwenyewe."

Alijifunika kichwa kwa pindo la vazi lake.

Ungedhani nilifurahi. Sikufurahi. Nilikaa na kichwa chako begani nikawaza: hata hii. Hata wivu, ambao ndio kitu pekee katika nyumba hii nilichokuwa nacho peke yangu, kumbe naye anao, na anausema vizuri kuliko mimi.

"Hapo," ulisema, macho umefumba, "hapo ametoka kwa mlango wenyewe."

Kisha ukasema: "Mlete."

"Nikimleta, pumzi ni ya nani?"

Wewe uliyekuwa na jibu kwa mahakimu, kwa wezi, kwa wanafalsafa, kwa kifo chenyewe, ulinyamaza. Ulinitazama, ukatazama mlango.

"Mlete kwanza."

Nilikulaza. Nilikwenda, nikafungua mlango, nikasimama chini ya lile tawi langu mbele ya mji mzima.

"Tremelio. Ingia. Yu hai."

Alirudi hatua moja nyuma. "Shemeji, pole. Pole sana. Usinifanyie hivyo."

"Nakwambia yu hai, anakuita."

"Huzuni imekupanda kichwani."

"Kichwa changu ni kizima. Nimetundika mwenyewe."

"Hakuna mtu anayetundika mberoshi nyumba yenye mtu hai."

"Mimi nimetundika. Nimekata kwa kisu cha kabichi. Nilitaka usiingie."

Mke wa mwoka mikate alisema "Ala" taratibu, akakaa chini juu ya gunia.

Tremelio alivuka njia. Alikuja mpaka hatua tatu kutoka kwangu, akasimama hapo, uso umepauka. "Kwa nini?"

"Kwa sababu ulitaka kilicho changu."

"Aliniomba yeye."

"Nawe ukakubali. Mnakaa mnazungumza mtu mwema ni nani toka asubuhi mpaka jioni. Mtu mwema angesema, muulize mkeo kwanza."

Hilo lilimpata. Nililiona likimpata. Lakini yeye ni msemaji, na msemaji akipigwa hurudisha.

"Na mwanamke mwema hamziki mumewe kabla hajafa."

"Mimi nimemzika mara moja. Wewe mimi umenizika miaka ishirini na sita, unapita sebuleni kwangu kama vile ni nguzo imesimama."

"Nilikusalimu kila siku."

"Ulinisalimu. Hukungoja jibu."

"Ungesema nini, shemeji? Mlango ulinifungulia kwa uso ule kila siku, ningengoja nini?"

"Mwanangu alipokufa alilia kwako!"

Sikujua kama lingetoka. Lilikuwa limekaa ndani miaka kumi na tisa, likatoka pale njiani mbele ya wapiga filimbi.

Tremelio alishusha sauti. "Alilia kwangu kwa sababu aliona haya kulia mbele yako. Aliniambia, Numisia hajalia. Mama mtu hajalia, mimi nitaanzaje."

"Nilikuwa namngoja yeye aanze."

Tulisimama hapo tukitazamana, watu wazima wawili wenye mvi, na nadhani ndiyo mara ya kwanza tulitazamana kweli. Ana kovu dogo juu ya jicho la kushoto. Sikuwahi kuliona.

"Bibi," ikasema sauti nyuma yangu. "Bwana Tremelio. Basi, acheni."

Melitine alikuwa kizingitini.

"Tunakuja sasa hivi," nikasema.

"Hakuna haraka tena," alisema Melitine.

Nilimtazama mdomoni. Sikuhitaji kuuliza, lakini nilimtazama mdomoni.

Tremelio aliinua mikono, akaivua ile kofia nyeupe, akaiweka chini ya tawi kama mtu anavyovua viatu, na akaingia nyumba yenye maiti kichwa wazi, mji mzima ukimwona. Hakuwa na cha kupata tena humo ndani. Aliingia hivyo hivyo. Nilimfuata, na ninakuambia kweli, Rubrio, kwa mwendo wa hatua zile nane kutoka mlangoni mpaka kitandani sikumwonea wivu.

Macho yako yalikuwa yameshafumbwa. Alama za vidole vya unga zilikuwa kwenye kope zote mbili. Nilishika kitambaa, nikakiacha.

"Alisema nini?" Tremelio aliuliza.

"Alisema nifunge mlango, kelele zinaingia," alisema Melitine.

"Kisha?"

"Basi. Nilikwenda kuufunga, nikaona mmesimama hapo, nikaogopa kuwafungia nje. Nikarudi kumwambia. Alikuwa ameshaanza kwenda. Akanishika mkono. Nikatazama huku na huku, hakuna mtu. Nikainama."

Ulimi wa Tibur, na neno lako la mwisho lilikuwa mlango ufungwe. Tulikuita jina. Tremelio aliita kwa sauti yake ya mahakamani na mimi kwa sauti yangu ya kisimani, na kila mmoja alikuwa akiipandisha yake juu ya ya mwenzake, Rubrio, Rubrio, Rubrio, mpaka Melitine akatushika mabega akasema hasikii mmoja wenu wala mwingine, bibi, njooni mkae.

Siku ya mazishi yenyewe hakuna aliyesimama kusema. Waliotazamia hotuba waliambiwa imeshatumika.

Siku ya tisa tulipeleka chakula kaburini, mayai na dengu na chumvi. Tremelio alikaa upande wangu. Kofia wamempa mwingine, kijana mwenye masikio makubwa. Aliniuliza, "Umeamkaje, shemeji?" kisha akakaa kimya akingoja. Sikuwa nimejiandaa. Nikamwambia goti linaniuma, na kwamba nimetandika upande wako wa kitanda kwa makosa. Ulikuwa unalala ubavu wa kulia, nikamwambia, mkono chini ya shavu. Akaitikia kwa kichwa mara nyingi, akaomba nirudie. Tulikula. Na katikati ya kula nikagundua kwamba macho yetu sote wawili yamekwenda mahali pamoja. Tulikuwa tunamtazama Melitine, jinsi alivyokuwa amekaa pembeni akimenya yai, na kifua chake kinavyopanda na kushuka.

Nina wivu, Rubrio. Nakiri. Wivu umehama nyumba tu.

Tuliporudi nilimfuata jikoni.

"Melitine. Nina ombi."

"Sema, bibi."

"Nibusu. Mdomoni, mara moja tu. Unirudishie."

Hakushangaa. Alipangusa mikono kwenye aproni yake polepole, kidole kwa kidole.

"Hapana, bibi."

"Mimi ndiye mkewe."

"Najua."

"Ni pumzi ya mume wangu."

"Ilikuwa," alisema Melitine. "Zamani ungeniamuru, ningekupa. Sasa umeniomba, nami nakataa. Miaka kumi na minane katika nyumba hii kila nilichopewa kimepita kwa mtu kwanza. Nguo zilikuwa zako. Viatu vilikuwa vyako. Hata jina langu la pili ni lake. Hii ndiyo nimepewa ikiwa nzima." Kisha akaongeza, bila ubaya: "Na bwana Tremelio nimemjibu hivyo hivyo juzi."

Nikamwambia sawa. Nikavuta kigoda, nikaketi karibu na meko. Yeye akarudi kwenye unga wake akakanda, na mimi nikakaa pale kimya, nikimsikiliza anavyopumua.